Tuliuliza wamama wanakula nini, hatukuuliza nani anakula wa mwisho

Wenzangu wenye diplome, na ninyi mnaoitafuta bado, kwenye ukurasa huu tumezoea kukosoa kazi za wengine: za serikali, za wazungu, za maprofesa. Leo nakosoa kazi moja ninayoijua ndani na nje, ju niliiandika mimi mwenyewe.

Nilimaliza masomo ya afya ya jamii hapa Bukavu mwaka 2021. Memwari yangu ilikuwa juu ya uzito wa wamama na namna chakula kilivyobadilika wakati wa korona. Siku ya kuitetea nilivaa vizuri, nikaonyesha majedwali yenye rangi, juri wakanipa pointi nzuri, tukapiga picha, tukakunywa sukre. Kila mtu alifurahi isipokuwa mama mudogo, yule aliyenilea, anayeuza maharagi na unga wa muhogo ku soko ya Kadutu. Alikuwa kati ya wamama niliowauliza. Maulizo yote alijibu. Ulizo namba 7 tu lilimshinda.

Ulizo lenyewe lilikuwa hili: "Tangu korona ianze, unatafuna vitu vidogo vidogo mara ngapi kwa siku kati ya chakula na chakula?"

Mama mudogo aliniangalia kwanza. Kisha akasema: "Kati ya chakula gani na chakula gani, mwanangu?"

Nikacheka. Nilidhani hakuelewa. Nikaandika "hakuna jibu", nikaendelea na namba 8. Ndani ya kompyuta, mama aliyenilea akabaki tundu moja jeupe kwenye jedwali. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa amenijibu, tena kuliko wengine wote.

Nilipata wapi yale maulizo

Niseme ukweli, kwa sababu wengi wetu tunafanya vile vile. Nilifungua simu, nikatafuta, nikapata utafiti mkubwa wa mwaka 2020 unaoitwa ECLB-COVID19, uliotoka katika jarida la Nutrients. Ni kazi ya heshima. Taasisi 35 za Ulaya, Afrika ya Kaskazini, Asia ya Magharibi na Amerika zilisambaza maulizo kwenye intaneti mwezi wa nne 2020, kwa lugha saba: Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiarabu, Kihispania, Kireno na Kislovenia. Walichambua majibu 1047 ya kwanza, na 54% yalikuwa ya wanawake. Waliona kwamba watu walipofungiwa nyumbani muda wa kukaa kitini ulipanda kutoka saa 5 mpaka saa 8 kwa siku. Waliona pia watu wanakula bila kujizuia, wanatafuna zaidi kati ya milo, na chakula chenyewe kinakuwa kibaya. Upande wa kula na kunywa, kitu kimoja tu kilipungua: kunywa pombe ya kupindukia.

Kwenye utafiti ule imeandikwa kwamba 40% ya majibu yalitoka Afrika. Nilipoona ile namba nilifurahi, nikasema: basi na sisi tumo. Sikujiuliza ni Afrika gani. Taasisi za bara letu zilizosambaza maulizo zilikuwa za Kaskazini. Kiswahili hakikuwamo. Na mama asiye na megabaiti za kutuma picha ya mtoto wake, angepata wapi za kujibu maulizo ya profesa?

Siwalaumu wale watafiti. Waliwauliza watu wao mambo ya watu wao, na mwezi ule hakuna aliyeweza kutembea nyumba kwa nyumba. Kosa ni langu. Nilichukua maulizo ya mtu aliyefungiwa karibu na frigo, nikayatafsiri kwa Kiswahili, nikampelekea mama ambaye hana frigo na hakufungiwa.

Kufungiwa gani?

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 18, rais Tshisekedi akafunga masomo, makanisa, baa na restora, akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura, iliyodumu mpaka mwezi wa saba. Kinshasa, komine ya Gombe ilifungwa kweli kweli kuanzia tarehe 6 mwezi wa nne.

Na sisi hapa? Tuliambiwa tukae nyumbani. Mwenye mshahara alikaa. Mama anayeuza leo ili apike leo hakukaa, ju angekaa, jiko lingekaa pia. Kilichofungwa kwetu kilikuwa daraja la Ruzizi. Lori za mizigo zilipita, watu hapana. Na mnajua daraja lile ni la nani. Ni la wamama wenye jeton, wanaovuka asubuhi na kurudi jioni na nyanya, maziwa, mayai, nyama, kila mmoja na kiasi anachoweza kubeba. Siku moja tu, kazi ya miaka kumi au ishirini ikawa kosa.

Ongezea dola. Mwanzo wa 2020 ilikuwa karibu faranga 1700, mwisho wa mwaka ikakaribia 2000. Mama wa Bukavu hahitaji kusoma uchumi ili ajue maana yake. Anaiona ndani ya kopo la maharagi: kopo ni lile lile, lakini muuzaji halijazi tena mpaka juu.

Maulizo yangu hayakuwa na daraja ndani, wala dola, wala kopo. Yalikuwa na "hamu ya kula".

Wamama watatu

Nitawaeleza wamama watatu kati ya wale niliowauliza. Majina sitaweka.

Wa kwanza anakaa Nguba. Alikuwa anavuka Ruzizi kila siku. Daraja lilipofungwa alikula kapitali yake ndani ya wiki chache, kwanza ya nyanya, kisha ya likelemba. Alikonda. Kikwembe chake, alichozoea kukifunga kwa mzunguko mmoja na nusu, kikazunguka mara mbili. Na kukonda hapa kwetu hakunyamaziwi. Tuliokua na hadithi za SIDA tunajua jicho lile ambalo mtu anakutupia ukikonda. Jirani zake walianza kupita mbali. Mmoja akamuuliza wazi: "Mama, si uko na ile korona?" Alikuwa na njaa tu.

Wa pili anakaa Muhumba. Anafanya kazi ku shirika moja, alipewa kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani, mshahara ulifika kila mwezi. Huyu aliishi ile hali ya kwenye utafiti: kiti, skrini, watoto nyumbani, mkate na blue band saa nne, biskuti saa tisa, frite jioni. Aliongezeka kilo, na alijibu maulizo yangu yote bila kusimama, ju yaliandikwa kwa ajili yake. Msidhani aliona raha. Aliniambia alilia siku aliporudi ku biro na kila mtu akamsalimia kwa mwili wake kabla ya jina lake.

Wa tatu ni mama mudogo.

Kabla ya korona alikuwa anakunywa chai na mandazi asubuhi. Saa sita anakula sahani ya mama anayepika pale pale sokoni: wali, maharagi, lengalenga, mara nyingi na sambaza juu. Jioni anapika nyumbani. Korona ilipokuja, wanunuzi walipungua na sahani ya saa sita ikawa ya kwanza kukatwa. Hakuna aliyemwamuru. Alihesabu mwenyewe: watoto wako nyumbani, masomo yamefungwa, wanaomba kula tangu asubuhi, sahani yangu ni ya unga wao. Tangu siku ile mchana alikaa na chai yenye sukari nyingi. "Sukari inashika tumbo," aliniambia. Jioni bugali kubwa, sombe na mafuta ya ngazi, samaki hapana. Anapakulia baba, anapakulia watoto wakubwa, anapakulia wadogo, kisha anakaa chini na chungu. Kinachobaki ni bugali na mchuzi.

Baada ya mwaka mmoja, kikwembe hakikufika tena. Miguu ilikuwa inavimba jioni. Aliyempima akamwambia damu imepanda. Na sokoni walimwambia nini? "Mama, korona imekupendeza! Umekula muzuri!" Yeye akajibu "aksanti", kama anavyofanya mtu mwenye adabu.

Sasa kosa langu. Kwenye jedwali namba 4 la memwari yangu, mama wa Muhumba na mama mudogo wako ndani ya kisanduku kimoja. Kisanduku kinaitwa "waliongezeka uzito". Chini yake niliandika sababu: kula kupita kiasi na kukosa mazoezi. Kukosa mazoezi! Mwanamke anayepanda mlima wa Kadutu kila siku na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Na mwishoni, pale kwenye mapendekezo, niliandika kwamba wamama wa Bukavu wahimizwe kupunguza kula ovyo na kufanya mazoezi ya mwili dakika 30 kwa siku. Juri walisema mapendekezo yangu ni "ya vitendo".

Kilo ni zile zile, lakini zina sababu mbili na zinahitaji dawa mbili. Ukizichanganya, unampa mama aliyekosa samaki shauri la mtu aliyezidisha biskuti.

Kunenepa na njaa

Kuna mtu ataniuliza: inawezekanaje mtu ale kidogo na anenepe? Tunaosoma afya tunapaswa kueleza jambo hili kwa maneno ya kueleweka, na hatulielezi.

Bugali ya muhogo ni wanga karibu yote. Protini ndani yake ni kidogo sana, asilimia 1 mpaka 3 hivi ya unga. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule. Sukari ni nguvu tupu. Kwa hiyo mtu akitoa samaki, maharagi, yai na matunda, akabaki na bugali, mafuta na chai, anaweza kupata kalori za kutosha au kuzidi, huku mwili ukiwa na njaa ya protini, ya chuma, ya vitamini. Ongeza kulala vibaya na wasiwasi wa deni, na mlo mmoja mzito kabla ya kulala. Tumbo linajaa, mwili unakosa. Ndiyo maana njaa hii haionekani kwa macho. Inaonekana kama afya.

Na korona haikuanzisha jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulishaonyesha kwamba 43% ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba karibu 14% ya wanawake wamekonda kupita kiasi na karibu 16% wamezidi uzito. Zote mbili katika nchi moja, mara nyingi katika nyumba moja. Mama mnene na mtoto aliyedumaa wanakula chungu kimoja. Kisha mwaka 2020 Wakongomani waliohesabiwa kuwa na njaa kali walikuwa zaidi ya milioni 21, na 2021 karibu milioni 27. Namba hizi nilikuwa nazo. Niliziweka kwenye utangulizi wa memwari, kama mapambo, halafu sikuzigusa tena.

Mizani ya Mbelgiji

Tuongee sasa juu ya kipimo chenyewe. Unachukua kilo za mtu, unagawa kwa urefu wake mara urefu wake. Chini ya 18,5 amekonda, 25 amezidi, 30 ni unene wa ugonjwa. Mama wa mita 1,60 akifika kilo 64 yuko kwenye 25 kamili.

Hesabu hii ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa Gent, katika miaka ya 1830. Hakuwa mganga. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, akitafuta "mtu wa wastani". Jina tunalolitumia leo, tulilozoea kuliandika IMC, lilitoka mwaka 1972 kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake, walipolinganisha vipimo vya watu zaidi ya 7000 wa nchi tano. Wote walikuwa wanaume.

Naona wengine mnatabasamu: Mbelgiji mwingine tena aliyetupima bila kutuuliza. Mimi sisemi tuitupe. Kwa kuhesabu watu wengi inasaidia, na ni rahisi, haidai mashine. Lakini haijui kilo imetoka wapi. Haitofautishi mafuta ya tumbo na nyama ya mabega ya mama anayebeba mizigo, haijui maji yaliyojaa miguuni, haijui kama mama amejifungua miezi mitatu iliyopita. Ni namba moja. Mimi niliitumia kama hukumu.

Tena niliitumia vibaya. Wengi hawakuwa na mizani nyumbani, kwa hiyo niliwaomba wakumbuke walikuwa na kilo ngapi "kabla ya korona". Walikumbuka vipi? Walikisia, mimi nikaandika. Lakini kila mmoja wao alijua kikwembe chake. Alijua fundo lilikuwa linafika wapi mwaka 2019 na linafika wapi sasa. Alijua blauzi ya harusi ya nani imekataa kufunga. Ile ilikuwa kumbukumbu ya kweli, na sikuiuliza.

Na midomo yetu

Ukosoaji usibaki kwa Wabelgiji na watafiti wa mbali tu. Sisi wenyewe tuna mizani yetu, tena kali.

Hapa Bukavu mwili wa mwanamke ni cheti cha mume wake. Akinenepa, bwana anamlisha vizuri. Akikonda, kuna shida nyumbani au kuna ugonjwa. Msichana akiwa mwembamba, tangazo la ndoa linachelewa, mashangazi wanaanza kunong'ona. Wakati huo huo, huyo huyo msichana kwenye simu yake anaona wanawake wenye kiuno chembamba wakisifiwa na dunia nzima. Anaambiwa nenepa huku, konda kule, nenepa hapa chini lakini si hapa juu.

Ndiyo maana biashara ya vidonge vya kunenepesha haikufa hata wakati wa korona. Mnavijua. Watafiti wa Kinshasa walishaandika kuhusu vijana wanaomeza siproheptadini bila daktari. Ni dawa ya alergi, lakini inafungua hamu ya kula na kuleta usingizi. Mara nyingi inachanganywa na deksametazoni, inayojaza mwili maji, na inayoweza kupandisha sukari na damu. Na ajabu ya mwaka ule: mwezi wa sita 2020, majaribio makubwa ya Uingereza yakaonyesha kwamba deksametazoni hiyo hiyo inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona walio kwenye oksijeni au mashine. Wasichana wa mtaani kwetu walikuwa wanaimeza zamani, kwa ajili ya makalio.

Kwenye memwari yangu, ulizo juu ya vidonge halikuwepo. Kwa nini? Kwa sababu kwenye maulizo ya kule halikuwepo. Nilikuwa ninawajua marafiki watatu wanaovimeza, na sikuuliza.

Profesa ana hoja

Nilipomwambia profesa mmoja mawazo haya, alinijibu kitu ambacho siwezi kukiruka. Alisema: "Kama kila mwanafunzi atabuni maulizo ya nyumbani kwao, tutalinganisha vipi Bukavu na Tunis, au Bukavu na Kigali? Sayansi inataka kipimo kimoja."

Ana haki. Bila kipimo cha pamoja, kilio chetu kitabaki hadithi, na hadithi hazileti bajeti. Lakini vipimo vya pamoja vinavyotufaa vilikuwepo, na mimi sikuvitafuta kwa uvivu. FAO ina maulizo manane juu ya njaa: uliwahi kuogopa kwamba chakula kitaisha, uliwahi kuruka mlo kwa kukosa pesa, ulikuwa na njaa lakini hukula, ulimaliza siku nzima bila kula. Ina pia kipimo cha wanawake cha mafungu kumi ya chakula, ambapo mama anayepata mafungu matano au zaidi kwa siku anahesabika amekula mchanganyiko wa kutosha. Vile vinatumika dunia nzima. Mama mudogo angevijibu vyote bila kuniuliza "chakula gani". Sahani yake ya 2019 ingepata manne. Ya 2020 sijui kama ingefika matatu.

Kwa hiyo shida haikuwa kuazima. Nani hapa hajaazima? Shida ni kuazima nguo bila kuangalia mwili wa atakayeivaa.

Na hata vile vya FAO peke yake havitoshi kwetu. Kuna maulizo ambayo lazima sisi tuyaandike, ju sisi ndio tunajua nyumba hizi. Ningerudi leo, ningeuliza haya:

Nyumbani kwenu, nani anapakua, na nani anakula wa mwisho?

Pesa ilipopungua, kitu gani kilitoka kwenye sahani kwanza, na kwenye sahani ya nani?

Siku gani hukuwasha moto?

Kikwembe chako cha mwaka 2019 kinafungwa wapi leo?

Watu walikuambia nini juu ya mwili wako, na wewe ulifanya nini baada ya kusikia?

Matano tu. Kwa hayo matano, mama wa Nguba, mama wa Muhumba na mama mudogo wasingeingia kamwe kwenye kisanduku kimoja.

Ju ya nini nawaambia

Mtaniambia korona imepita, memwari imeshafungwa, diplome iko ukutani. Ni kweli. Lakini kazi zetu zinasomwa. Mwanafunzi wa mwaka huu anafungua ya mwaka jana, anabadilisha jina la mtaa, anaprinti. Shirika linakuja, linaomba "data za hapa", linapewa jedwali namba 4. Kesho kutwa kuna bango pale Place de l'Indépendance linalowaambia wamama wa Kadutu wapunguze kula. Nani aliliandika? Mimi niliyekaa mezani kwa mama mudogo miaka yote ile nikila kabla yake.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko pointi. Kila jioni ya 2020 nilikuwa pale. Nilipewa sahani yangu kati ya wakubwa, kwa sababu mimi ni "mwanafunzi, lazima kichwa kifanye kazi". Kama kulikuwa na sambaza sita, moja ilikuwa yangu. Niliona chungu kikirudi chini na yeye akikivuta kwake. Data zangu zilikuwa mbele ya macho yangu, nikaenda kuzitafuta kwenye intaneti.

Mwezi uliopita nilirudi kwake na yale maulizo matano. Nilianza na la kwanza. Akacheka, akasema: "Ah, sasa njo umeanza kusoma." Tulikaa mpaka umeme ukakatika na kurudi. Nilifika kwenye ulizo la pili tu, ju la kwanza peke yake lilichukua jioni nzima: mama yake alivyokula wa mwisho kule Kabare, yeye anavyokula wa mwisho hapa, na binti yake mkubwa, ambaye ana miaka kumi na nne, ameanza lini kusema "mimi sina njaa, wape wadogo".

Nilipoinuka kwenda, alikuwa anapakua. Nilimwomba aweke sahani yake kwanza. Alikataa, akasema wageni kwanza. Sijui lini nimekuwa mgeni pale.

Wewe unayeandika memwari mwaka huu, kabla hujaprinti maulizo yako, ingia jikoni kwenu. Yasome kwa sauti mbele ya yule anayepika. Akikuuliza "chakula gani?", usiandike "hakuna jibu". Kaa chini.